Arobaini

Kyllikki alikuja Jumanne, theluji begani,
kishikwambi amekikumbatia ndani ya koti
kama mtu abebaye mkate usipoe.
"Kinanidanganya," alisema, hata glavu hajavua.
"Kituoni pa basi kinasema asilimia arobaini.
Naangalia barabara, narudisha macho:
giza."

Za mwizi ni arobaini, nikawaza.
Wa kwako ameshazimaliza.

Hapa Oulu Januari haibishani na mtu.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
betri kongwe hushikwa na ganzi: chaji imo, haitoki,
kama jina unalolijua na ulimi haulipati.

Nilikilaza mezani. Kikabembea.
Kitu bapa hakibembei
ila tumboni kuna jambo.
Nikapasha kingo kwa hewa ya moto, gundi ikalegea,
nikapitisha kadi ya plastiki, pembe hadi pembe, taratibu,
na kioo kikainuka chenyewe, kimesukumwa kutoka ndani.
Betri ilikuwa imeumuka kama unga uliosahauliwa jikoni,
ngozi yake ya fedha imetuna, haina mkunjo hata mmoja.
Miaka kumi na mmoja.
Kila kujazwa kuliiba punje,
na nani ahesabuye punje?

"Nunua kipya." Ndivyo tunavyosema sote mafundi,
kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Akatikisa kichwa. Tangu astaafu posta
kila asubuhi ya baridi hutoboa ziwa nyuma ya nyumba,
hupima unene wa barafu, huandika:
*Thelathini na mbili. Upepo.*
*Thelathini na mbili tena. Mbweha.*
Programu inayoyatunza hayo imetupwa na waliyoiunda;
mashine mpya hazitaki hata kuifungua mlango.

Kisha akatoa mfukoni betri ya pili,
ingali katika nailoni yake,
aliyoinunua siku moja na kishikwambi.
"Niliiweka akiba. Kabatini, chini ya vitambaa vya meza."

Akiba haiozi: nimelisikia, nimelisema, nimeliishi.
Nikagusisha ncha za kipimo.
Volti sifuri nukta tisa.
Imeoza ndani ya nailoni,
haijafanya kazi hata siku moja.
Sikujua nimwambieje, nikamgeuzia kipimo asome.

"Dada yangu Orvokki," akasema baada ya kitambo,
"naye alijitunza hivyo hivyo."
Akacheka. Mimi sikucheka.

Chini ya meza nina sanduku la maiti.
Humo kimo kishikwambi cha Oiva, mtoto wa ghorofa ya tatu,
alichokikalia kwenye sleji: uso wote buibui,
moyo mzima. Toleo lile lile.
Nikaipima betri: sabini na tisa kwa mia.
Si mpya, lakini ina kiu na inashiba.

Ile iliyovimba niliing'oa kwa uzi wa kusafishia meno,
bila kisu, bila haraka, pumzi nimeishika,
maana tundu la sindano moja ni moto.
Nikaizika katika ndoo ya mchanga, nje, chini ya dirisha.
Alitaka kwenda nayo nyumbani.
Hiyo, hapana.

Kiliwaka kikidhani ni mwaka ambao sijazaliwa.
Kyllikki akakirekebisha tarehe
kama mtu anyooshaye kola ya mtoto.
Zikaja namba zote, barafu elfu moja na mia nane,
na mbweha.

Nikampa masharti: usiijaze pomoni, themanini yatosha.
Usiiache ikauke. Usiilaze kwenye chaja usiku kucha.
Usiingie nayo sauna.
"Na mimi je?" akauliza, akifunga vifungo.

Jumatano alipiga simu, hakusalimu.
"Hamsini na tatu," alisema.
Sikujua ni barafu au ni chaji.
Nikamwambia, vizuri.